Nina milioni 6, ninunue fleti Mombasa?

Assalaam aleikum, hamjambo nyote. Leo sipiki wala sitembei. Nimekaa jikoni kwangu hapa Leicester nijibu swali moja, maana kila video ni lilo hilo: "Dada, nina milioni 6, ninunue fleti Mombasa?" Wengine mtasema najionyesha, wengine mtasema nalia. Semeni. Miaka 11 niko Uingereza na sina nyumba Mombasa. Nilikaribia kununua, nikaacha. Nayasema ya kwangu. Hesabu zako wazijua mwenyewe.

Nyumba bila ardhi, ile unayomiliki jengo na kiwanja ni cha mtu mwingine, sizungumzii, sisi watu wa Pwani tumezaliwa nayo. Sachi ya hati pia, yaani kukagua ofisi ya ardhi mwenye hati ni nani, sizungumzii, fanya tu.

Fleti niliyokaribia kununua iko Bamburi, Mombasa, vyumba viwili, milioni 6.5. Dalali aliniambia kodi ya mpangaji ni 35,000 kwa mwezi, yaani 420,000 kwa mwaka. Nikafurahi. Usiku mmoja baada ya shifti nikashika kalamu. Mpangaji huhama, kwa hivyo toa mwezi mmoja: 385,000. Ada ya jengo, mlinzi na taka, 60,000. Anayekukusanyia kodi huchukua asilimia 10. Rangi na mabomba, weka 30,000. Kisha ushuru, na hapa ndipo nilipokaa kitako. Ile asilimia 7.5 mnayoisikia ni ya anayehesabiwa mkaazi wa Kenya. Asiyehesabiwa mkaazi hukatwa asilimia 30, tena kwenye pesa yote ya mpangaji, kabla ya kutoa gharama. Kwangu ni 115,500. Imebaki 141,000 kwa mwaka, kwa milioni 6.5! Na ushuru wa stempu, ule wa serikali unaponunua, asilimia 4, ni 260,000 kabla sijashika ufunguo. Kama una makao ya kudumu Kenya na huja kila mwaka, hesabu yako huenda ikawa nyingine. Muulize mtu wa ushuru, usiniulize mimi.

Nikamtuma dadangu. Nikamwambia, usiangalie taili, nenda jikoni ufungue mfereji. Akanawa mikono mbele ya dalali, sabuni ikakataa kutoa povu. Maji ya kisima, chumvi tupu. Mlinzi ndiye aliyemwambia kwamba maji ya kaunti yana wiki hayajafika, wapangaji wananunua ya boza. Chumba cha nyuma akakwangua chuma cha dirisha kwa ukucha, kikabanduka vipande vipande kama maganda ya kitunguu. Jengo lina miaka 4.

Wakili naye akakuta hati ni moja, ya kiwanja kizima. Hati za fleti, mwenye jengo anasema ziko njiani, na sheria ya 2020 inataka kila fleti iwe na yake. Nikamuuliza wakili, si nitakuwa na mkataba? Akanikumbusha kile kiwanja cha Nyali kilichofika Mahakama ya Upeo mwaka 2023. Mnunuzi alikuwa na hati mkononi, na bado akakikosa, kwa sababu kilipotolewa na serikali mara ya kwanza kabisa, sheria haikufuatwa.

Hati ya uwakili, ile ya kumruhusu mtu asaini Kenya kwa niaba yangu, ndiyo iliyonitoa machozi. Nilisaini mbele ya mwanasheria hapa, nikalipa, nikaituma. Ikarudi: saini haifanani na ya kitambulisho, nilichokichukua nikiwa na miaka 18. Nikalipa tena upya. Huku dalali ananipigia saa kumi alfajiri, kuna mteja mwingine, tuma laki 5 ya kuishikilia, tena kwa simu yake, si kwa akaunti ya wakili. Nilipokataa, nyumbani wakanigeuka. Mama mdogo akasema nimeingiwa na uzungu, siamini watu. Lile neno liliniuma, na bado laniuma. Pesa hizi nazitafuta usiku, nageuza wazee vitandani, mgongo huu ndio shahidi.

Sisemi msinunue. Rafiki yangu hapa alinunua Mtwapa na ametulia, lakini mamake ndiye anayeishi ndani, hakodishi. Ile si hesabu yangu.

Fleti ya Bamburi haijauzwa. Wiki iliyopita dalali ameniandikia, sasa ni milioni 5.8. Nimemjibu anitumie kwanza nakala ya hati ya fleti yenyewe, si ya kiwanja. Ameusoma ujumbe. Hajajibu.