Kanzu ya Imamu na Chembe za Kioo

Wale mlionisikia mwaka jana mtanivumilia. Mfano wangu wa kanzu nairudia, maana kortini ushahidi wa chembe za kioo bado unageuzwa vile vile.

Dirisha la duka limevunjwa usiku. Asubuhi kijana anakamatwa, shatini mna chembe za kioo. Maabara inapima mwanga unavyopinda ukipita kwenye chembe zile, kisha inapima kioo cha dukani: vipimo vinalingana. Mtaalamu anasema, tuseme, madirisha 2 tu katika 100 yana kipimo hicho. Kiongozi wa mashtaka anainuka: "Mheshimiwa, basi uwezekano wa huyu kutokuwa na hatia ni asilimia 2!" Lo! Nani kasema hivyo?

Twendeni sokoni Marikiti, Mombasa, Ijumaa saa saba. Imamu wa msikiti wenu, kumkuta ndani ya kanzu ni karibu hakika. Sasa mshike mwenye kanzu yeyote apitaye: ni imamu? Huyu anauza mbaazi, yule dereva wa tuktuk, yule anawahi arusi. Kanzu ni moja, swali ndilo limegeuzwa. Ile asilimia 2 yajibu: ikiwa kijana hakuvunja na chembe zake zimetoka dirisha jingine, ni mara ngapi zingelingana hivi? Haijibu: zikilingana, ni mara ngapi hakuvunja? La pili lataka mengine: alikuwa wapi, anafanya kazi gani. Akiwa fundi wa vioo Mwembe Tayari, shati lake litakosaje kioo?

Najua mwasema, "Mwalimu atetea wezi." Sivyo. Kioo ni ushahidi mzuri, ila uulize pande zote mbili: chembe hizi ni za kutarajiwa kiasi gani akiwa kavunja, na kiasi gani akiwa hakuvunja? Gawanya la kwanza kwa la pili, ndio uzito wake. Mwanatakwimu Mwingereza Dennis Lindley alilionyesha mwaka 1977: kulingana kwenye kipimo adimu kwazidi mbali kulingana kwenye kipimo cha kila dirisha. Na tangu Pilkington, kampuni ya vioo ya Uingereza, watangaze mwaka 1959 kioo kinachotengenezwa kwa kuelea juu ya madini ya bati yaliyoyeyuka, madirisha ya kisasa yamekaribiana mno: kipimo chao cha kupinda mwanga ni 1.52 hivi. Ndipo maabara zenye uwezo zikaongeza kupima elementi, yaani vitu vya asili vilivyomo ndani ya kioo chenyewe.

Dakika zimekwisha? Basi upesi: chembe hudondoka, nyingi ndani ya saa chache, na shati laini huziachia kabla ya sweta. Muulizeni askari alimkamata saa ngapi, na shati lilitiwa mfuko gani. Vioo vya magari vyataka siku yao.

Haya, maswali. Yasiwe ya kanzu.