Walioanza Kusali Chini ya Kanisa

Tumsifu Yesu Kristo. Baba paroko, wazee wetu, ndugu zangu wa jumuiya ya Kiswahili, asanteni kwa kunipa nafasi baada ya misa. Harufu ya pilau imeshanifikia hata mimi, kwa hiyo sitawachosha.

Mmeniomba nieleze Wadominika wa New York walifanyaje hadi parokia zikawa zao. Nisiwachanganye: siwasemi mapadre wa Shirika la Mtakatifu Dominiko, bali watu wa Jamhuri ya Dominika, ile inayogawana kisiwa na Haiti. Ingawa hata mapadre hao wana mkono wao huko. Mwaka 1511, katika mji wa Santo Domingo, mmoja wao aitwaye Antonio de Montesinos alipanda mimbari akawauliza walowezi wa Kihispania kama wenyeji wanaowatesa si watu. Hiyo tuiache, ina siku yake.

Wadominika walianza kumiminika New York baada ya dikteta wao Trujillo kuuawa, Mei 1961. Enzi zake, kupata pasipoti ilikuwa shughuli. Mwaka 1965 vikazuka vita vya wenyewe kwa wenyewe, majeshi ya Marekani yakaingia, na baada ya hapo visa zikatoka kwa wingi. Wengi walishukia Washington Heights, kaskazini mwa Manhattan, mtaa ambao Waairishi na Wayahudi walikuwa wakiuhama. Makanisa waliyakuta yamesimama, makubwa, ya mawe, yaliyochangiwa na Wakatoliki waliowatangulia.

Kuyakuta ni jambo moja, kukaribishwa ni jingine. Kardinali Spellman, aliyeshika jimbo kuu tangu 1939, hakutaka kuwajengea wasema Kihispania parokia zao, kama Wajerumani na Waitalia walivyokuwa nazo zamani. Alitaka waingie katika parokia zilizopo. Kwa maneno, hapo hakuna ubaya. Kwa vitendo, mahali pengi misa ya Kiingereza ilikuwa juu kanisani, na ya Kihispania chini, kwenye ukumbi ulio chini ya ardhi. Waporto Riko ndio waliotangulia kushuka ngazi hizo. Parokia ya Incarnation, pale St. Nicholas Avenue, mwaka 1951 ilipata padre kijana, Ivan Illich, yule yule ambaye baadaye alisifika kwa kuzikosoa shule. Alijifunza Kihispania, kisha akashikilia kwamba padre ajue kwanza maisha ya waumini wake. Wadominika walipofika, mlango ulikuwa umeshafunguka nusu.

Sasa walipandaje juu? Wengi watawaambia ni lugha ya misa. Mimi naona ni msiba.

Mdominika akifiwa, watu husali rozari kwa siku tisa, na siku ya tisa ndugu na majirani hujaa, kahawa inamiminwa, chakula kinaandaliwa. Sisi tuna matanga, mnaelewa. Kijijini unakaa uani. Katika chumba cha ghorofa ya tano, jirani akigonga ukuta, utawaketisha wapi watu sabini? Hapo ndipo ukumbi wa kanisa unapokuwa nyumbani kwa mfiwa. Na wengi hutaka maiti ikazikwe kwao, kwa hiyo kuna michango, na jina linatajwa misani ili watu wajue wapi pa kwenda.

Tarehe 12 Novemba 2001, miezi miwili tu baada ya ile minara miwili ya New York kushambuliwa na kuanguka, ndege ya safari namba 587 iliyokuwa ikienda Santo Domingo ilianguka Queens, humo humo mjini New York, mara baada ya kupaa. Walikufa watu 265, watano kati yao wakiwa chini, majumbani. Wengi wa abiria walikuwa Wadominika: bibi anakwenda kuona wajukuu, mfanyabiashara na mizigo yake. Karibu kila jengo la Washington Heights lilimjua mtu. Baada ya siku kama zile, hakuna anayeuliza tena kanisa ni la Waairishi au la nani.

Furaha nayo ina siku yake. Tarehe 21 Januari ni sikukuu ya Mama wa Altagracia, ambaye picha yake, Bikira katika joho la nyota akimtazama Mtoto, imetunzwa kwao, katika mji wa Higüey. New York Januari ni barafu tupu, na watu wanasherehekea hivyo hivyo. Kwaresima kuna maharage ya tui la nazi, lakini yametiwa sukari, maziwa, viazi vitamu na zabibu kavu! Mpwani akionja atadhani mpishi amekosea chungu.

Sisemi mambo yote yamenyooka. Wapo waliohamia kwa Wapentekoste, na mwaka 2015 jimbo kuu liliunganisha parokia nyingi, maana jengo halimilikiwi na wanaolijaza.

Na sisi? Tumeandika barua tatu kuomba misa ya Kiswahili kila Jumapili. Vizuri, tuendelee. Lakini mwezi uliopita mama mmoja hapa alifiwa na kaka yake kule Bukavu, tukasimama kwenye ujia wa jengo lake hadi saa nne za usiku, kwa sababu hakuna aliyejua ufunguo wa ukumbi huu anao nani. Baba paroko, nakuuliza mbele ya watu: anao nani?