Ramani Mbili za Ini Moja

Ndugu wasikilizaji, habari za mchana. Mwenyekiti amenisifu kuliko ninavyostahili, nami nitamlipa kwa kutokula muda wa watu. Naingia kwenye mada.

Mtu akisimama mbele yenu akasema kwamba katika nchi fulani watu 5 kati ya kila 100 wana homa ya ini B, msimpigie makofi bado. Muulizeni: wapi? Wastani huo unaweza kuwa umetoka kwenye mkoa wenye 1 na mkoa wenye 9, na wale wa mkoa wa 9 hawapati nafuu yoyote kwa sababu wenzao wana 1. Akiendelea na habari za homa ya ini D, ambayo huwapata wenye B tu, muulizeni swali la pili: kati ya nani? Leo nina maswali hayo mawili tu.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na homa ya ini B ya kudumu, na watu wapatao milioni 1.1 walikufa kwa ajili yake mwaka huohuo, wengi kwa kovu la ini, yaani sirosisi, na kwa saratani ya ini. Kati ya wenye B, karibu 5 katika kila 100 wana D pia. Kidunia ndivyo. Ukishuka mikoani, hiyo 5 inaweza kuwa sufuri, na inaweza kuwa 30.

D ni nini? Mwaka 1977, mjini Turin, Italia, daktari Mario Rizzetto aliona katika ini la wagonjwa wa B kitu ambacho hakikufanana na B iliyokuwa ikijulikana. Kwanza ilidhaniwa ni sehemu ya B yenyewe. Baadaye ikathibitika ni kirusi kingine, kidogo mno, chenye duara la vinasaba lenye herufi kama 1,700 hivi. Kirusi hiki hakina koti lake. Huazima la B, na bila koti hilo hakitoki kwenda kumwambukiza mtu mwingine. Kwa hiyo asiye na B hawezi kuugua D, na chanjo ya B inamkinga mtu dhidi ya vyote viwili.

Mtu mzima akivipata vyote kwa pamoja, mara nyingi mwili huviondoa, ingawa homa yenyewe inaweza kuwa kali sana. Lakini D ikimkuta mtu ambaye tayari anaishi na B, kwa kawaida haiondoki, na safari ya kuelekea sirosisi inafupika kwa miaka mingi.

Basi mtu atasema: penye B nyingi patakuwa na D nyingi. Hapo ndipo wengi tunapoteleza, na naomba nikae hapo kidogo.

Korea Kusini ilikuwa na B nyingi kwa miaka mingi, na D chache. Sehemu kubwa ya Asia Mashariki iko hivyo. Sababu kubwa ni njia ya maambukizi. Huko B ilipita zaidi kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Mama mwenye virusi vingi katika damu, asipopata kinga yoyote, humwambukiza mtoto katika uzazi 70 hadi 90 kati ya 100, na mtoto aliyeambukizwa akiwa mchanga ana uwezekano wa takriban 90 kwa 100 wa kubaki na B maishani. Mtu mzima akiambukizwa, uwezekano huo haufiki 5. Sasa D haipendi njia hiyo. Ni nadra sana mama kumpa mtoto D wakati wa kujifungua. D hufuata damu: sindano zisizo salama, wembe unaozunguka nyumba nzima, vidonda vya watoto wanaolala kitanda kimoja, na pia ngono. Mikoa miwili inaweza kuwa na asilimia ileile ya B, mmoja umeipata kwenye kitanda cha uzazi, mwingine umeipata ukubwani, na ramani zao za D zisifanane hata kidogo.

Mifano ipo. Uturuki, uchambuzi wa tafiti za nchi hiyo ulikuta D kwa karibu 5 kati ya 100 ya wagonjwa wa B upande wa magharibi, na karibu 27 upande wa kusini mashariki. Nchi moja, wizara moja, chanjo moja. Brazil, wagonjwa wengi wa D wanatoka kaskazini, bonde la Amazon, na huko inazunguka aina ya tatu ya D, iliyo kali kuliko zile za kwingine. Watu wa Lábrea, mji ulio kando ya mto Purus, walikuwa na jina la ugonjwa huo, homa nyeusi, kabla maabara yoyote haijajua kuna kitu kiitwacho delta, jina jingine la D. Japani, D ni nadra, ila nenda visiwa vya Miyako, huko Okinawa, utaikuta. Mongolia peke yake ndiyo inayonikatalia kuchora mikoa: zaidi ya nusu ya wenye B nchini humo wana D.

Sasa hesabu, na hii ni ya kubuni, ya kufundishia tu. Mkoa wa kwanza una B kwa 10 kati ya 100, na katika hao wenye B, 2 kati ya 100 wana D. Mkoa wa pili una B kwa 2 tu kati ya 100, lakini 30 kati ya 100 ya hao wana D. Ukichukua wakazi 10,000 kila upande, wa kwanza una watu 20 wenye D, wa pili una 60. Bango la wizara litaupaka rangi nyekundu mkoa wa kwanza. Ndiyo maana nimesema muulize: kati ya nani?

Na kuna udanganyifu mwingine, usio wa mtu yeyote. Fikirieni zahanati ndogo. Mjamzito anachomwa kidole, tone la damu linawekwa kwenye kipimo cha haraka, baada ya dakika 15 mistari miwili inatokea. Muuguzi anaandika chanya kwenye kadi na kwenye daftari. Daftari lina safu ya VVU, ya kaswende, ya B. Safu ya D haipo, haikuchapwa. Mwisho wa mwaka taarifa inapanda wilayani, kisha mkoani, na huko juu mtu anasoma: D, sufuri. Mkoa usiopima unaonekana msafi kuliko wote. Kinyume chake, ukipima waliolazwa tu kwa ugonjwa wa ini utakuta D nyingi mno, kwa kuwa D ndiyo iliyowafikisha wodini. Ukipima wachangia damu utakuta chache mno, maana hao ni watu waliochujwa. Takwimu tatu za mkoa mmoja, na zote ni za kweli.

Chanjo inabadilisha ramani, lakini si kila mahali kwa kasi moja. Italia iliifanya ya lazima mwaka 1991, na sehemu ya wagonjwa wa B wenye D ilishuka kutoka takriban 23 kwa 100 mwaka 1987 hadi 8 mwaka 1997. China, katika uchunguzi wa mwaka 2006, watoto wa chini ya miaka mitano wenye B walikuwa 1 tu kati ya 100, wakati kwa umma wote walikuwa 7. Dozi ya kwanza inatakiwa ndani ya saa 24 za kuzaliwa. Anayejifungulia nyumbani, siku nzima ya mwendo kutoka kwenye jokofu la chanjo, mwanawe ataipata siku ya sita, na kwenye taarifa ataandikwa amechanjwa.

Kuhusu dawa, nitasema kwa ufupi. Tenofovir inaituliza B, D haiguswi, kwa sababu dawa hiyo haizuii koti kutengenezwa. Bulevirtide, iliyoruhusiwa katika Umoja wa Ulaya mwaka 2020, inazuia virusi kuingia kwenye chembe za ini, lakini ni sindano ya kila siku na inataka jokofu.

Nikikabidhiwa vipimo 1,000 vya D kwa nchi nzima, sitavigawa kwa idadi ya wakazi. Nitaanza na wenye B waliopata sirosisi kabla ya miaka 40, katika kila mkoa, ule unaoonekana msafi ukiwa wa kwanza. Mkoa utakaorudisha majibu chanya mengi ndio nitakaorudi kuupima kijiji kwa kijiji. Mwenyekiti ananionyesha saa. Karibuni kwa maswali.