Ukaidi wa Mtoto na Maradhi Yasiyoonekana: Mazungumzo na Walimu na Wazazi wa Kongwa

Mbukwenyi! Wakubwa zangu shikamooni, na wengine wote habari za asubuhi.

Mwenyekiti ameniomba nizungumzie nidhamu ya mtoto kwa jicho la daktari. Nami nitumie nafasi hii kuwaomba walimu msaada. Mtoto akiletwa kwangu namwona dakika kumi, kavaa nguo za Jumapili, anaogopa sindano, katulia tuli. Ninyi mnaye siku tano kwa wiki, akiwa na njaa, akiwa na usingizi, akiwa na wenzake. Magonjwa nitakayoyataja leo mengi hayajitokezi ndani ya dakika zangu kumi. Yanajitokeza darasani na nyumbani, na huko yanaitwa ukaidi, uvivu, kichwa kigumu.

Nianze na sikio. Mtoto anayepata mafua kila mara anaweza kubaki na majimaji mazito nyuma ya ngoma ya sikio. Mara nyingi hayaumi na hayatoki nje, kwa hiyo mama hana cha kumwonyesha mtu. Mtoto anasikia, ila sauti zinamfikia hafifu, tena leo afadhali, wiki ijayo vibaya zaidi. Ukimwita ukiwa karibu anaitika vizuri. Ukimtuma kutoka jikoni naye yuko uani, kimya. Hapo ndipo mzazi anaapa kabisa: "Huyu anasikia akitaka!" Na kwa ushahidi alionao, mzazi huyo hajasema uongo.

Kipimo cha kuanzia hakina gharama. Simama nyuma ya mtoto, umbali wa mkono ulionyooshwa. Azibe sikio moja kwa kidole, wewe nong'ona maneno matatu, ayarudie. Kisha sikio la pili. Simama nyuma kweli, maana watoto hawa ni mafundi wa kusoma midomo. Akishindwa, apelekwe zahanati. Na sikio linalotoa usaha zaidi ya wiki mbili lisisubiriwe likauke lenyewe, wala lisimiminiwe mafuta ya moto. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa asilimia 60 ya upotevu wa usikivu utotoni hutokana na mambo yanayozuilika, na masikio ya usaha yamo humo.

Kwenye macho sitakaa sana. Watafiti wa trakoma wamekuwa wakija Kongwa tangu miaka ya 1980, na wapo bibi zetu humu wanaoweza kuifundisha kuliko mimi. Ila trakoma humpofusha mtu ukubwani, baada ya kuambukizwa tena na tena kwa miaka. Mtoto wa darasa la nne anayenakili kwa jirani na kuitwa mwizi wa majibu, huenda haoni ubao tu. Mhamishie dawati la mbele uone kama wizi utaendelea, halafu apimwe miwani.

Sasa kuna yule wa "kuzubaa". Katikati ya somo anakata kauli, macho yameganda, pengine kope zinachezacheza. Sekunde tano, kumi, halafu anaendelea kuandika kana kwamba hakuna kilichotokea. Wengi tunajua kifafa cha kuanguka na kutoa povu. Hiki nacho ni kifafa, na kwa mtoto asiyetibiwa kinaweza kutokea mara nyingi sana kwa siku. Kila mara anapoteza kipande cha somo, na jioni anaambiwa hakusikiliza. Mwenye mawazo yake ya mbali ukimgusa bega anashtuka na kukuangalia. Huyu ukimgusa hayupo. Mwalimu, ukiona hivyo andika saa, muda kilivyodumu, na alichokuwa akifanya. Daftari lako litanisaidia kuliko maelezo yangu yote, kwa sababu dawa za kifafa hazifanani. Ipo inayofaa sana kwa aina nyingine, lakini hiki cha kuzubaa inaweza kukizidisha.

Ugonjwa ninaotaka tukae nao zaidi ni huu unaofuata, kwa kuwa unampa mtoto adhabu asiyostahili na kisha unamdai moyo wake.

Binti wa miaka tisa, kumi, alikuwa na mwandiko mzuri. Ghafla mwandiko unaharibika. Anaangusha sahani, anamwaga maji, akiwa amekaa mabega yanarukaruka, uso unakunjika bila sababu. Analia kwa jambo dogo, anakasirika, anacheka pasipo kichekesho. Nyumbani wanasema amekuwa mzembe. Shuleni wanasema anawafanyia walimu vituko. Mambo yakizidi, mmoja anasema ni mapepo, mwingine anasema ndiyo njia ya kwenda Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, na hapa Dodoma neno hilo likishatamkwa watu wanaanza kuficha mtoto ndani. (Ni mzaha wetu wa zamani, na umewachelewesha wengi kupata matibabu. Lakini huo ni mhadhara mwingine.)

Kumbe miezi michache nyuma alikuwa na maumivu ya koo. Bakteria waliokuwa kooni waliamsha kinga ya mwili, na kinga hiyo ikageuka kushambulia sehemu ya ubongo inayoongoza mijongeo. Tabibu Mwingereza, Thomas Sydenham, aliueleza ugonjwa huu, unaoitwa chorea ya Sydenham, mwaka 1686, kwa hiyo si maradhi ya kisasa. Huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15, na wasichana kuliko wavulana. Mwambie atoe ulimi aushikilie nje, unarudi wenyewe. Mpe vidole vyako viwili avibane. Utahisi anabana, anaachia, anabana, kama anayekamua ng'ombe. Akilala, mijongeo inakoma.

Mara nyingi mikono hutulia yenyewe baada ya wiki au miezi, na hapo ndipo mtego ulipo. Mganga aliyemfanyia kafara anapata sifa, familia inafurahi, na hakuna anayekumbuka moyo. Kinga ileile iliyogusa ubongo hushambulia pia milango ya moyo. Mtoto huyu anahitaji kupimwa moyo na kuanzishiwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka, ili koo lisiambukizwe tena. Asipopata, kila ambukizo jipya linaweza kuuharibu moyo zaidi.

Usingizi. Mtu mzima asipolala vizuri anasinzia. Mtoto asipolala vizuri mara nyingi hufanya kinyume: anarukaruka, anasukuma wenzake, hakai. Muulize mama: anakoroma kila usiku? Analala mdomo wazi? Kuna wakati pumzi inakata halafu anashtuka? Mafindofindo makubwa au nyama za puani huziba njia ya hewa. Mwaka 2013 Marekani walichapisha utafiti wa watoto zaidi ya 400, wa miaka 5 hadi 9. Waliofanyiwa upasuaji mapema walilala vizuri na tabia yao ikaonekana nzuri zaidi kwa wazazi na walimu. Vipimo rasmi vya umakini havikutofautiana sana na vya waliosubiri. Nawaambia na upande huo, nisije nikaonekana nauza upasuaji.

Mtoto anayekula udongo, amepauka, hana raha na kitu chochote, apimwe damu, na minyoo ikumbukwe. Aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani akaanza tena, huku anakunywa maji mfululizo na anakonda, huyo apimwe sukari siku hiyohiyo. Sio kesho. Na aliyewahi kupata malaria kali yenye degedege na kupoteza fahamu, akarudi nyumbani "amepona" lakini si yule wa zamani, usimlinganishe na kaka yake. Ubongo wake ulipigwa.

Msitoke hapa mkidhani kila mtukutu ni mgonjwa. Watukutu wenye afya tele wapo, na mimi nina wawili nyumbani. Wapo pia wanaotembea kilomita nyingi bila uji, na wanaopigwa usiku. Hao dawa yao haipo kwenye duka langu. Swali linalonisaidia kuwatenganisha ni moja: tangu lini? Aliyebadilika ndani ya wiki chache, aliyepoteza kitu alichokuwa anakiweza, aliye sawa saa hii na si sawa saa ijayo, huyo nataka kumwona.

Mwisho, dawa zenyewe. Fenobabito, dawa ya kifafa ya bei nafuu tunayoitumia sana, inaweza kumfanya mtoto awe mkali na asiyetulia. Ukiona hivyo rudi kliniki tuibadilishe au tupunguze dozi. Usiikate mwenyewe: fenobabito ikikatwa ghafla, degedege linaweza kurudi kwa nguvu na lisikome.

Mwalimu wa kule nyuma umenyoosha mkono tangu nilipokuwa kwenye sikio. Karibu.