Hesabu Huanzia Kaburini

Asante, Mwenyekiti. Naona wanaonifahamu wameshaanza kutabasamu, wanajua nikizungumzia hakimiliki nitawarudisha Wandegeya, Kampala. Basi twende.

Mwaka jana nilikuwa kwenye kibanda cha fotokopi huko, na barua yangu ya kurasa mbili, nangoja zamu. Mbele yangu kijana wa chuo kikuu anatolewa nakala ya Song of Lawino, utenzi wa Okot p'Bitek, kitabu kizima. Mashine imepata moto, na kidole gumba cha binti anayeiendesha kimeacha kivuli cheusi pembeni mwa kila ukurasa. Nikamwuliza, mwanangu, umeomba ruhusa? Akanijibu kwa adabu kabisa: "Mzee, kitabu hiki kilitoka 1966. Miaka 50 ilitimia 2016. Sasa ni mali ya umma."

Banange! Nilifurahi. Huyu angalau alipiga hesabu, wengi hawajisumbui. Ila alihesabu tangu kitabu kilipozaliwa, wakati Sheria yetu ya Hakimiliki hapa Uganda, ya 2006, inahesabu tangu mwandishi anapokufa: uhai wake wote, halafu miaka 50. Okot p'Bitek alifariki 1982. Jumlisha mwenyewe. 2032.

Kijana akafikiri kidogo, akasema, "Lakini mzee, marehemu hali mrabaha." Yaani lile fungu la mwandishi katika mauzo ya kitabu.

Najua humu ukumbini wapo wanaowaza hivyohivyo, msiangalie chini. Baba yako akifa akaacha kibanja, shamba lake, Mukono, jirani ataingia kukata matooke, ndizi zenu, akisema marehemu hali? Si mtapelekana kwa mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, kabla jua halijazama? Wajane na watoto wa waandishi nao wanalipa karo.

Tena kibanja ni cha vizazi na vizazi. Hakimiliki ina mwisho, na mimi nasema ni vizuri iwe na mwisho. Hapa ndipo waandishi wenzangu wananikasirikia. Shaaban Robert alifariki 1962. Kwa sheria ya hapa, tangu 2012 yeyote anaweza kupeleka maandishi yake Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, akayachapa, akayauza, bila kuomba na bila kulipa. Halafu shule zinanililia kwamba hazina vitabu vya Kiswahili! Mlango umefunguliwa, watu wamesimama nje wanabisha hodi.

Mtasema, kwa hiyo naweza kuweka jina langu juu ya jalada? Hapana, bwana. Kinachokwisha ni haki za kiuchumi. Haki ya mwandishi kutajwa, na kazi yake isipotoshwe, sheria yetu haikuiwekea mwisho. Miaka 500 ikipita, shairi ni la Shaaban.

Na ukichapa, usichape toleo la mtu mwingine. Tafsiri mpya ya kitabu cha zamani ina hakimiliki yake, na dibaji aliyoiandika profesa juzi ni ya profesa. Chukua maneno ya marehemu, ya walio hai yaache.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, mbiombio. Kazi inayomilikiwa na kampuni, au isiyo na jina la mwandishi: miaka 50 tangu kuchapishwa. Huko nje hesabu ni nyingine, Uingereza na Ufaransa ni miaka 70 baada ya kifo, kwa hiyo anayetaka kuuza nje aulize kwanza.

Picha nilitaka nizipe nusu saa, sasa zimebaki na dakika moja. Picha inahesabiwa tangu siku ilipopigwa. Mzee aliyepiga picha za harusi Jinja mwaka 1970, haki yake ilikwisha 2020, naye anaweza kuwa bado yupo, anakunywa chai barazani, anaziona picha zake kwenye kalenda za watu. Mwandishi anangojewa afe, mpiga picha hangojwi. Nani alipanga hivi, na kwa nini? Mwanasheria wetu pale mbele, usiondoke, swali la kwanza ni lako.