Kadi ya mtandao ya ghali inakuuzia nini?

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Swali la leo huulizwa kila siku kwenye maduka ya kompyuta: kwa mashine ya nyumbani, ninunue kadi ya mtandao, ile inayoiunganisha kompyuta na waya wa mtandao, ya bei rahisi au ya ghali? Wauzaji wengi hujibu kwamba ya ghali ina kasi zaidi. Jibu hilo linawatoa watu pesa bure, na linaniudhi.

Chukueni chipu ya Realtek RTL8139, iliyojaa kwenye kadi za rahisi tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Kasi yake ni megabiti 100 kwa sekunde, sawasawa na kadi za Intel na 3Com za wakati ule, zilizouzwa ghali zaidi. Lakini Bill Paul, aliyeiandikia draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi) ya FreeBSD, mfumo wa kuendeshea kompyuta, aliandika humo humo kwenye draiva kwamba labda ndiyo chipu mbovu kuliko karibu zote za aina yake.

Ubovu uko wapi? Pakiti, yaani vifurushi vya data, zinazoingia huzimwaga zote kwenye eneo moja la kumbukumbu, halafu prosesa, ubongo wa kompyuta, ipite ikinakili moja moja kuzipeleka zinakotakiwa. Kwenye kutuma ina nafasi nne tu, na kila pakiti lazima iwe kipande kimoja, kianzie kwenye anwani inayogawanyika kwa 4. Isipokuwa hivyo, prosesa inainakili upya. Kadi nzuri hupewa orodha ya anwani tu, ikafuata vipande yenyewe, na zilizo bora zaidi hungoja pakiti kadhaa zikusanyike ndipo ziishtue prosesa.

Kwa hiyo unapolipia kadi ya ghali, unachonunua ni nafuu ya kazi kwa prosesa. Prosesa ya megahezi 200 iliihitaji nafuu hiyo kweli kweli. Ya leo, kwa megabiti 100, haihisi chochote. Na kama intaneti yako nyumbani ni megabiti 20, hakuna kadi duniani itakayoigeuza kuwa 40.

Hesabu hubadilika kwenye gigabiti, yaani megabiti 1,000 kwa sekunde. Waya ukijaa, pakiti kubwa kabisa za kawaida hupita zaidi ya 81,000 kila sekunde, na zikiwa ndogo idadi inakaribia milioni moja na nusu. Aliyegeuza kompyuta kuwa ruta, kigawa mtandao, ya jengo zima, au seva ya faili inayowaka usiku na mchana, asibane pesa hapo.

Jina kubwa pia lisiwalaze. Matoleo ya mwanzo ya chipu ya Intel I225-V yalisumbua yalipounganishwa na baadhi ya vifaa kwa kasi ya gigabiti 2.5, mpaka chipu yenyewe ikarekebishwa. Na wapo wanaouza kadi bandia zenye nembo ya Intel.

Jambo la mwisho, maana naona wengi mna adapta za USB. Tundu la USB 2.0 lina kikomo cha megabiti 480, kwa hiyo adapta ya gigabiti ukiichomeka hapo hata nusu haifiki. Itafuteni USB 3.0. Na dukani msiishie kusoma boksi: ombeni kadi itolewe, msome maandishi yaliyo juu ya chipu. Boksi mbili zenye bei tofauti sana huweza kuwa na chipu ileile ndani.