Daktari Anatisha Kuliko Mazimwi

Assalamu alaykum. Nashukuru kwa kuitwa tena, ingawa aliyeniita anajua vizuri nitakachosema. Wapo humu walionisikia mara tatu nne juu ya gemu hii, na mmoja wao, simtaji, ameshaniambia mlangoni kwamba leo atakaa karibu na dirisha. Akae. Mie nitasema yale yale mpaka watu waache kuniletea maneno yale yale.

Maneno yenyewe mnayajua. Kwamba Silent Hill: Shattered Memories, gemu ya video ya kutisha inayoisimulia upya Silent Hill ya kwanza, si Silent Hill. Wameondoa bunduki, wameondoa mashoka, hadithi wameigeuza, na baba wa watu wamemfanya akimbie kama kuku siku ya Idi. Ile ya 1999, ya PlayStation ya mwanzo, ndiyo yenyewe, na hawa Waingereza wa Climax Studios waliopewa kazi na Konami wakaitoa yao mwaka 2009 ni waharibifu. Hadithi ya asili siielezi. Harry Mason, ajali ya gari, binti yake Cheryl kapotea, mji umejaa ukungu. Aliyeingia hapa bila ya kuijua hiyo amekosea ukumbi, harusi ni nyumba ya pili.

Haya, tuanze na hilo la kugeuza hadithi, maana ndilo linalonichosha zaidi. Bibi yangu mzaa mama, Wete, alikuwa akitupa hadithi ya zimwi na ngoma. Paukwa, pakawa. Msichana kasahauliwa pwani, zimwi kamtia ndani ya ngoma, anazunguka naye vijijini, ngoma ikipigwa inaimba. Kwa bibi, msichana alitolewa salama na zimwi likaachiwa ngoma iliyojaa nyuki. Shangazi yangu, nyumba hiyo hiyo, ukumbi huo huo, alikuwa hatutolei msichana mpaka zimwi limekwisha kutuuliza maswali, na asiyejua kujibu hulala na khofu yake. Hakuna hata mtoto mmoja aliyenyanyuka akasema shangazi kaharibu asili. Leo mtu mzima na ndevu zake ananiandama kwa sababu Kaufmann, aliyekuwa daktari wa hospitali kwenye gemu ya kwanza, hapa amekuwa daktari wa nafsi. Basi na awe! Majina ni yale yale, mji una jina lile lile, hadithi ni nyengine. Sam Barlow, aliyeiandika, alifanya alilofanya shangazi.

Sasa niwape kisa changu, na wale wanaokijua wavumilie.

Gemu ilitoka Marekani, kwa mashine ya Wii, tarehe 8 Disemba 2009. Tarehe 10 Disemba, siku mbili tu baadaye, umeme ukazimika Unguja. Sisemi kwamba kuna uhusiano. Waya wa baharini unaotuletea umeme kutoka Bara ulipata hitilafu, na kisiwa kikakaa hivyo mpaka Machi 2010. Mliokuwa wakubwa mnakumbuka. Madumu ya maji vichwani, maana pampu nazo zinataka umeme. Jenereta zinanguruma kila kichochoro cha Mji Mkongwe, asiye na jenereta ana kibatari. Barafu ikawa haipatikani kwa udi wala uvumba.

Mwezi wa Februari binamu yangu akaja kutoka Dubai na PSP, ile mashine ndogo ya gemu ya kushika mkononi, na ndani yake gemu hii, kwa sababu matoleo ya PSP na PlayStation 2 yalikuwa yametoka Januari. Betri ile ikikupa saa nne, tano, umebahatika. Asubuhi nikiipeleka dukani kwa mtu mwenye jenereta nikilipia kuchaji, usiku nikikaa nayo kwenye kitanda cha mama yangu, Malindi, kwa sababu chumba chake ndicho chenye upepo. Nyumba yote giza, kioo kidogo kinawaka, na ndani ya kioo kuna mtu anatembea gizani na tochi. Hata hao waliotengeneza sidhani kama walipata kuicheza katika hali ile.

Gemu inaanza kwa onyo kwamba itakupima nafsi yako. Halafu uko kwenye kiti, mbele yako Dokta Kaufmann, na anakupa fomu. Mama akataka nimfasirie. Je, unapata marafiki kwa urahisi? Mama akasema, "Mwambie ndiyo, lakini hawadumu." Wewe ni mtu wa familia? "Mwambie atazame umekaa na nani saa hizi." Likaja suali la kinywaji, kama napenda kunywa ili nitulie. "Muulize anamuuliza nani." Lile la kumsaliti mwenza nikajifanya betri inakufa.

Mbele kidogo daktari anakupa picha ya nyumba na watu wake, ujaze rangi, kama watoto wa chekechea. Mama akachagua yeye. Ukuta manjano, mlango kijani. Nikajaza. Tukatoka kwa daktari, tukawa tena na Harry, theluji, kiza, tochi, tunatafuta nyumbani kwake. Tukafika. Ukuta manjano. Mlango kijani.

Mama hakusema kitu kwanza. Akasogeza kibatari karibu, akajifunika kanga miguuni. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini kabisa: "Huyu daktari katuona wapi?"

Msicheke. Hiyo ndiyo khofu. Hapajatoka damu pale, hapajaruka kitu dirishani.

Muda si mrefu ikaja ile sehemu ya pili ya gemu. Dunia yote inaganda, kuta zinavimba barafu, na mazimwi yasiyo na nyuso yanakufukuza yakipiga kelele, wala huna silaha. Nikawa nakimbia, moyo unadunda, jasho. Namgeukia mama nimwone amekaaje, naye anacheka. "Barafu yote hiyo," anasema, "na mie nguru wangu kaoza jana."

Mhadhara wangu wote uko hapo. Alichokijua daktari kilimsogezea mama kibatari, na barafu ikamchekesha. Nguvu ya gemu hii na udhaifu wake vyote viwili mama aliviona usiku mmoja, hajawahi kushika padi maisha yake.

Najua mtu wa saikolojia yule pale ataniambia: bwana, hakuna maajabu, ni hesabu tu. Umejaza rangi, programu imekumbuka rangi. Kweli. Na si rangi peke yake. Inaangalia tochi yako inakaa wapi. Ukiyakodolea macho mabango ya wanawake ukutani, inaandika. Ukizunguka kila pembe au ukienda moja kwa moja, inaandika. Halafu mtu utakayekutana naye mbele anakuja na nguo nyengine na maneno mengine kufuatana na ulivyo. Yule askari Cybil aliyekutana na mimi si aliyekutana na binamu yangu, na sisemi wa binamu alikuwaje, maana yumo ukumbini. Hata mazimwi yanabadilika maumbo. Mambo haya yanafanywa kimyakimya, hayatangazwi kwenye kioo, na wengi hawakujua mpaka walipokaa barazani wakasimuliana, kila mmoja akimwambia mwenzake muongo.

Ila ikifika mwisho inajivua nguo yenyewe. Majina ya watengenezaji yanapita, na pembeni unaoneshwa ripoti ya nafsi yako. Nilipoisoma ile yangu nikasema, loo, ni mimi huyu. Binamu akasoma yake, akasema, ni mimi. Tukabadilishana: ikawa bado ni sisi! Mwaka 1948, Marekani, mwalimu mmoja wa saikolojia, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 mtihani wa tabia, halafu akampa kila mmoja matokeo yake kwa siri na kuwataka wayape alama, sifuri mpaka tano, kwa ukweli wake. Wastani ulikuwa 4.26. Wote walikuwa wamepewa karatasi moja, maneno aliyoyaokota kwenye kitabu cha nyota cha mitaani. Sisi hapa tuna wapiga ramli wasiohitaji utafiti huo. "Una mtu wa karibu anakuonea choyo." Nani hana? Mpiga ramli hodari lakini anajua kunyamaza. Anauliza, anachora, anakohoa, anakuacha wewe ujaze. Kaufmann mwanzoni ni hodari namna hiyo, na mwisho gemu inakuwa mpiga ramli wa barazani anayetoa risiti.

Udhaifu mkubwa, hata hivyo, ni ile barafu, na hapa wale wanaonipinga walikuwa na hoja nzuri mkononi wakaikosa kwa kulilia bunduki. Gemu imegawanya khofu na amani kwa ukuta. Dunia ikiganda, unafukuzwa. Isipoganda, hakuna kitakachokugusa, abadan. Ukishalijua hilo, na unalijua ndani ya saa ya kwanza, unatembea mjini kama mtalii. Ile ya 1999 ilikuwa na redio inayokwaruza zimwi likikaribia, na ukungu wake, ambao ulikuwepo kwa sababu mashine ilikuwa haiwezi kuchora mbali, ulikufanya usiamini hatua moja ya mbele. Hapa hata khofu inabisha hodi. Halafu milango ya kutokea wameizungushia mwanga wa buluu! Nani anayekimbia zimwi akawashiwa taa za njia kama uwanja wa ndege? Na bado unapotea, unazunguka, unarudi chumba kile kile, unakumbatiwa na zimwi, unalikung'uta, unazunguka tena. Mara ya kwanza unatetemeka, mara ya tatu unaudhika.

Mtaniambia, basi si wangempa japo kipande cha bomba ajitetee? Hapana, hapana, hapana. Kutokuwa na silaha ndilo jambo bora waliloamua. Unaweza kuwasha fataki ya mwanga ikayazuia kidogo, kuangusha kabati nyuma yako, kujificha uvunguni, na ukitoa simu kutazama ramani mazimwi hayakungoji. Hiyo ni sawa kabisa. Kosa ni kwamba kukimbia hakuulizi kitu. Daktari anapouliza, unabaki na suali mpaka kitandani. Zimwi likikukamata unaanza tena mlangoni.

Na kwa nini Harry hana silaha? Asiyewahi kuicheza azibe masikio, mie simngoji, gemu ni ya 2009. Anayekaa kwenye kiti cha daktari si Harry. Ni Cheryl, mtu mzima, na baba yake alikufa kwenye ile ajali miaka 18 nyuma. Tuliyekuwa tukimwendesha usiku kucha ni baba aliyemo kichwani mwa binti asiyetaka kusema kwamba hayupo. Ndiyo maana anapigiwa simu na watu wasiomjua, anagonga milango anaambiwa hakai hapa. Ukiipitia mara ya pili, kila neno la Kaufmann lina mtu mwengine mbele yake, na wewe ulijibu kwa niaba ya yatima bila ya kujua.

Mnamkumbuka Popobawa, lile jini lililosemwa linawavamia watu usiku? Mwaka 1995 nilikuwa mtoto Pemba, wanaume wakilala nje, makundi makundi, moto katikati. Lililosemwa wakati ule, na wazee humu watanisahihisha, ni kwamba aliyefikwa lazima atoke aseme mbele za watu, asiposema atarejewa. Mie nilikuwa mdogo lakini niliona watu wazima wanavyoliogopa lile la kusema. Kwa hiyo nikiambiwa gemu yenye kiti, fomu na penseli za rangi haiwezi kutisha mtu wa Pwani, namwangalia tu.

Miisho ni kadhaa, kila mmoja na baba wa namna yake, mlevi, mhuni, mnyonge, na ule wa baba mwema uliotuangukia sisi. Nilitaka kuwachambulia mmoja mmoja. Nilitaka kusema pia juu ya muziki wa Akira Yamaoka, na juu ya toleo la Wii, ambapo simu ya Harry inalia ndani ya rimoti yenyewe na wewe unaitia sikioni kama mwendawazimu. Lakini mwenyekiti ananionesha saa.

Nikimbilie basi Silent Hill 2 mpya, maana najua ndiyo iliyowaleta nusu yenu. Ya 2001 ikatengenezwa upya na Bloober Team wa Poland, ikatoka Oktoba 2024. Uzuri wake hauna ubishi, ukungu sasa ni wa kuchagua, si wa udhaifu wa mashine, na uso wa James, mhusika wake mkuu, unasema yale ambayo zamani tuliyabuni wenyewe. Ndefu, karibu mara mbili ya ile ya kale, na urefu ule umejazwa kwa bomba kupiga vinyago, chumba baada ya chumba, mpaka mkono unauma. Wamerudisha silaha na watu wamefurahi. Haya. Wametengeneza upya kwa heshima, mstari kwa mstari, kama mtu anayehifadhi. Mie bado nipo na shangazi.

Suali moja, halafu tukasali. Wewe kijana wa nyuma, mwenye kofia.

Hapana, PSP siiuzi.